Trekta Ikikataa Kuinua Plau

Hapo kwanza trekta ilikokota plau nyuma yake kama ng'ombe akokotavyo. Plau ikinasa katika kisiki, magurudumu ya nyuma hayakuacha kusukuma, na pua ya trekta ikainuka hata ikampindukia dereva. Wengi walikufa hivyo. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, alibuni njia ya kuifunga plau kwa mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu, nao ule wa juu huizuia pua isiinuke. Trekta yake ndogo ya kijivu, iitwayo TE20, iliundwa katika mji wa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, nazo zilipita 500,000. Baadhi yake zingali zikilima.

Nguvu ya kuinua plau ni ya mafuta. Ndani ya mwili wa trekta mna pampu iliyozama katika mafuta yale yale yalainishayo giya. Dereva akiinua wenzo ulio kuume kwake, pampu huyavuta mafuta na kuyasukuma katika silinda. Mafuta hayashindiliki, hayana budi kuisukuma pistoni, nayo pistoni huinua mikono ya chini.

Basi plau ikibaki chini, watu hukimbilia spana, wakafungua mwili mzima wa trekta, na huku mvua za kupandia zinapita. Haraka hiyo haifai. Kwanza utazamwe wenzo mdogo uunganishao mhimili wa kuzungushia mashine za nyuma, maana mhimili huo ndio uzungushao pampu. Wenzo huo ukiwa umeachwa wazi, pampu imelala tu, wala hapana kilichovunjika. Mguu ukiwa juu ya klachi ni vivyo hivyo.

Kisha hupimwa mafuta kwa kijiti chake, trekta ikiwa mahali palipo sawa. Yakipungua, pampu huvuta hewa pamoja nayo, na plau hupanda kwa kushtukashtuka. Yakiwa meupe kama maziwa, yameingiwa na maji. Kuongeza mapya juu yake ni kutupa fedha. Sharti yamwagwe yote.

Injini ikizimwa, plau ya trekta kuukuu hushuka polepole, wala si ajabu. Lakini ikiwa injini yaenda na plau iliyoinuliwa inatikisika juu na chini, kama mzee asinziaye, mafuta yanavuja ndani, penye pistoni au penye vali za pampu. Kazi hiyo ni ya fundi. Na kwa kuwa plau iliyo juu imeshikwa na mafuta matupu, mtu asiingie kamwe chini yake, wala asipitishe mguu, ila imetegemezwa kwa magogo imara. Akigusa mtu wenzo kwa bahati mbaya, chuma kizito kitashuka mara moja.

Yako matata mengine ambayo dereva aweza kuyatengeneza mwenyewe. Mkono wa juu umefungwa penye springi nene nyuma ya kiti. Plau ikikuta udongo mgumu, mkono huo huisukuma springi. Springi ikibonyea, vali hufunguka, plau ikainuka kidogo. Udongo ukilainika, hushuka tena. Ndiyo maana springi ikilegea, plau hurukaruka, na matuta hayawi sawa.

Kuipima ni rahisi. Plau hushushwa chini, injini huzimwa, mkono wa juu huondolewa. Kichwa cha springi hushikwa kwa mkono, kikavutwa na kusukumwa. Kikicheza mbele na nyuma, kifungo chake hulegezwa, kichwa kikazungushwa kidogo kidogo mpaka mchezo uishe. Hapo wenye nguvu nyingi huharibu, maana hukaza kupita kiasi. Springi ikiwa sawa, haichezi hata kidogo, lakini vidole bado vyaweza kuizungusha mahali pake. Kisha kifungo hukazwa, mkono hurudishwa, na plau hujaribiwa katika mtaro mmoja, mtu mwingine akifuata mbali kidogo kutazama kina chake.