Bei mmeshakubaliana, fundi anakuta ufa: akupunguzie au atengeneze yeye?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuache kidogo mambo ya picha na matangazo. Kuna jambo ambalo wengi wetu huku Shinyanga na Geita tunalifikia tukishauza miaka mitatu minne. Sebule imegeuka stoo, mwenye nyumba anapandisha kodi, na wewe una akiba kidogo. Unaanza kutafuta kanyumba kenye fremu mbele.

Hapo ndipo mtaji unaweza kuondoka mzima mzima. Ukinunua simu mbovu umepoteza laki mbili, utalia wiki moja utasahau. Ukinunua nyumba ambayo ukuta wake unatembea, kila msimu wa mvua utachukua hela ya mzigo uwape mafundi.

Mimi nauza mashuka na mapazia, nipo Kahama. Wateja wangu wengi wako Masumbwe, Runzewe, Katoro na Geita mjini, mzigo unaenda kwa basi. Nyumba ninayouzia sasa mwenyewe alianza na 23,000,000. Tukavutana kawaida tukafika 21,500,000. Nikalipa 20,000,000. Hiyo 1,500,000 ya mwisho haikushuka kwa kubembeleza, ilishuka kwa karatasi ya fundi. Nakuelekeza ilivyokuwa, hatua kwa hatua.

1. Kubaliana bei, lakini hela ibaki kwako

Nilimwambia mzee: "Baba, bei hiyo nimeikubali, ila nalipa baada ya fundi wangu kuangalia." Maneno hayo yaseme siku ileile ya kukubaliana, mbele ya dalali. Ukiyasema baadaye utaonekana umegeuka.

Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela mkononi. Msikilize kwa heshima, tulia. Dalali si adui yako, ila mara nyingi anakula asilimia ya bei, kwa hiyo kila shilingi unayopunguza inagusa na mfuko wake. Usimtegemee akubishie bei. Na ukishatoa arbuni, sauti yako inakuwa ndogo.

2. Fundi awe wako, umlipe wewe

Asiwe fundi aliyejenga, wala kijana wa dalali. Nilimlipa fundi ujenzi 50,000 na fundi umeme 20,000. Kwa nyumba kubwa ya ghorofa au jengo la biashara, tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi ya AQRB. Kwa umeme, mtu mwenye leseni ya EWURA.

Huku kwetu jambo la kwanza ni udongo. Wazee wa Kisukuma wanautofautisha vizuri: luseni ni ule wa kichanga, mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi. Mbuga ikinyeshewa inavimba, ikikauka inasinyaa na kupasuka. Nyumba iliyokaa juu yake bila msingi wa maana inapanda na kushuka nayo. Kwa hiyo ukiona ufa mwembamba wa plasta kama nywele, usiogope sana. Ukiona ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha kwenda chini kwa mshazari, na ukizunguka nje unaukuta upo palepale, huo umepita kwenye tofali.

Fundi wangu aliukuta ufa wa namna hiyo ukuta wa kushoto. Tukamwomba mzee ruhusa, fundi akabandika kipande chembamba cha plasta juu ya ufa, akaandika tarehe. Mvua zilikuwa zimeanza. Siku ya kumi na sita kipande kile kilikuwa kimekatika katikati. Maana yake ufa bado unatembea. Kumbuka tu: kama kisingekatika, isingekuwa uthibitisho kwamba ukuta ni mzima, maana udongo huu unabadilika kwa misimu.

Akapanda na darini. Mbao za kenchi kwa nje zinang'aa, ukichoma bisibisi inazama. Mchwa. Fundi umeme naye akakuta hakuna ethi na waya za soketi ni nyembamba.

3. Tengeneza orodha yenye bei, na uigawe mara mbili

Kosoro bila bei ni lawama tu, na mtu aliyejenga kwa jasho lake hapendi lawama. Andika kitu, kazi yake, na gharama ya vifaa na ufundi kwa bei ya hapo mjini. Yangu ilikuwa hivi:

Ukuta na njia ya kuondoa maji ya mvua: 850,000
Kubadilisha mbao za kenchi na dawa ya mchwa: 420,000
Umeme: 310,000
Bati zilizotoboka juu ya stoo: 160,000
Kunyonya shimo la choo: 120,000

Jumla 1,860,000. Sasa hapa ndipo pa kuwa muungwana. Bati lililotoboka nililiona siku ya kwanza, mwanga ulikuwa unapita. Nilipokubali 21,500,000 nilikubali nikiliona. Nikalikata kwenye orodha kabla sijaenda kwa mzee. Kanuni ni hii: ulichokiona kabla ya kukubaliana kimo ndani ya bei. Kinachofungua mazungumzo upya ni kile kilichokuwa kimejificha. Ukichanganya vyote muuzaji anajua unatafuta sababu, hata ile hoja yako nzito hataisikia.

Si unajua mteja anayepokea shuka, akakuta limechanika, halafu akalalamika na rangi ambayo aliichagua mwenyewe kwenye picha? Ndivyo muuzaji atakavyokuona.

4. Kipi akupunguzie, kipi afanye yeye

Wengi tunafurahi muuzaji akisema "nitatengeneza mwenyewe". Fikiria: mtu anayeondoka anatengeneza nyumba ipendeze siku ya kukabidhi. Atapiga plasta, atapaka rangi, ufa utarudi umeshamlipa. Kwa hiyo kazi inayofunikwa ikiisha, yaani ukuta, kenchi na umeme, omba apunguze hela, uchague fundi wako na wakati wako. Ule ukuta wangu tulianza na mifereji ya maji, ukuta wenyewe tukaushika kiangazi.

Lakini yale ambayo yanaonekana yameisha au hayajaisha, na yale yenye jina lake, afanye yeye. Shimo la choo, ama limenyonywa au halijanyonywa. Deni la maji alete risiti. Na LUKU usiisahau: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Nyumba ikikaa miezi bila kununuliwa umeme, kodi inajikusanya, halafu wewe ukinunua mara ya kwanza unakatwa ya nyuma yote. Mwambie anunue umeme mbele yako, muone linalodaiwa.

5. Mezani

Nilienda asubuhi na fundi, bila dalali. Mwangaluka, tukakaa, tukaongea habari za mvua kwanza. Halafu nikampa orodha aisome mwenyewe.

"Mwanangu, nyumba hii nimekaa miaka kumi na miwili haijaanguka."

"Kweli baba, na sisemi itaanguka. Ila ile plasta ya fundi uliiona wewe mwenyewe ilivyokatika."

"Nitamwita kijana apige plasta, tubaki na bei yetu."

"Akipiga plasta ufa utafunikwa, maji yataendelea kuingia chini ya msingi. Kazi niachie mimi baba, wewe nipunguzie."

Niliomba 1,580,000, yaani ukuta, kenchi na umeme. Akasema milioni moja. Hapo usikimbilie kugawana katikati. Mimi nilimuuliza: "Sawa baba, kwenye hii orodha tutoe kipi?" Akasema kenchi, mbao zile ni ngumu. Fundi akampa bisibisi, wakapanda wote. Aliposhuka hakubisha tena mbao. Akakaa kimya, kisha akasema, "Ifanye milioni ishirini, tumalize." 80,000 nikaiacha kwa heshima, na shimo na deni la maji vikabaki kwake.

Muuzaji akikataa ukitaja namba, mrudishe kwenye kitu. Namba mnaweza kubishana mpaka jioni, mbao iliyooza ipo pale pale.

6. Andika, na bakiza hela

Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi na uwe umesainiwa. Mdomo hautakusaidia mahakamani. Wetu tuliandika kwa wakili, na ndani yake tukataja bei mpya na yale ambayo mzee atayafanya kabla ya kukabidhi. Siku ya kusaini nililipa 18,000,000. Zile 2,000,000 nilitoa siku ya funguo, baada ya kuona shimo limenyonywa na risiti ya maji.

Mama wa nyumba naye alisaini. Usione aibu kuliomba hilo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

7. Pale ambapo punguzo halikusaidii

Kuna nyumba ambayo hata akupunguzie nusu, iache. Geita dhahabu imeanza kuchimbwa miaka ya 1930, na wachimbaji wadogo wamefungua maduara sehemu nyingi. Kiwanja kinaweza kuwa juu ya duara la zamani lililofukiwa. Waulize majirani wazee, si dalali. Na karibu na migodi mikubwa kuna mitaa ambayo wakazi wamelalamika miaka mingi kuhusu nyufa na mitetemo ya ulipuaji. Ufa wa udongo unaweza kuutafutia dawa, lakini mtetemo wa jirani huna namna ya kuuzuia.

Tena haki ya kumiliki ardhi na haki ya kuchimba madini ni vitu viwili. Mwingine anaweza kuwa na leseni ya kuchimba chini ya eneo ulilonunua. Kabla ya kujadili hata bati, pita ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya Afisa Madini Mkazi, uulizie eneo hilo.

Kwa hiyo kabla hujakaa mezani, andika namba mbili mahali pako pa siri: ile unayoomba, na ile ambayo bei ikibaki juu yake unanyanyuka unaondoka. Mimi ya kuondokea ilikuwa 20,400,000, maana zaidi ya hapo ningegusa hela ya mzigo wa Desemba. Nyumba nyingine itapatikana tu. Mtaji wa kununulia mzigo ukishaingia kwenye ukuta, hautoki tena.

Mtumie mwenzako anayetafuta nyumba ya duka kabla hajatoa arbuni.