Nyumba Mpya, Krismasi na Swali la Nyumbani

Kila ifikapo Desemba, vituo vya mabasi jijini Nairobi hufurika watu wanaorejea mashambani, nauli hupanda bila huruma, na wenye magunia na watoto hupigania nafasi. Hiyo ndiyo sura ya Krismasi tuliyoizoea. Msomaji aliye makini, hata hivyo, atakuwa ametambua kwamba pana msafara mwingine unaokuja kinyume cha huo. Wazee hupanda magari kutoka Kakamega, Kisii, Machakos na Nyeri wakaja Kitengela, Ruiru, Juja na Ongata Rongai, ambako wana wao wamejenga au kununua nyumba. Mwana amehamia kwake, naye anataka wazazi, ndugu, wapwa na wajukuu wale Krismasi ya kwanza chini ya paa lake.

Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini si jepesi jinsi linavyodhaniwa na wale wanaohesabu viti na sahani tu.

Mwalimu wa Kiswahili humfundisha mwanafunzi kwamba kiambishi -ni huigeuza nomino kuwa kielezi cha mahali: nyumba, nyumbani. Humu nchini silabi hiyo moja imebeba mzigo mkubwa kuliko sarufi. Mtu huweza kuwa na nyumba Nairobi kwa miaka 30, na akiulizwa nyumbani ni wapi, akataja kijiji ambacho hulala siku kumi kwa mwaka. Mazoea hayo yana asili yake. Katika enzi za ukoloni mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia mjini. Alipewa kitanda kama kapera, mke na watoto wakabaki shambani. Uhuru ulikuja mwaka 1963, nyumba zikaongezeka, lakini fikra hiyo haikuhama.

Wasomaji wenye umri watakumbuka mzozo wa maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake ukashikilia kwamba azikwe Nyalgunga, Siaya. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa mahakamani ni iwapo mtu kama yeye aliweza kuwa na nyumbani mjini, au alikuwa na nyumba tu. Ukoo ulishinda, naye akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Swali lenyewe halikuzikwa. Linafufuka kila mara mzee anapoingia katika nyumba mpya ya mwanawe, akatazama kuta na madirisha, kisha akauliza kwa upole, "Na nyumbani utajenga lini?"

Desemba moja nilialikwa katika karamu ya namna hiyo, nyumba ya mpwa wangu. Tulikuwa watu 23, kuanzia nyanya mwenye miaka 80 na ushei hadi kitoto kisichojua kuketi. Nyanya alipoweka mkoba wake chini alielekea jikoni moja kwa moja, kama alivyofanya maisha yake yote siku ya sikukuu. Mke wa mpwa wangu, kwa adabu isiyo na doa, akamshika mkono na kumrejesha kwenye kochi.

"Mama, wewe pumzika. Leo wewe ni mgeni."

"Mgeni wa nani, mwanangu?"

Hapakuwa na jibu. Ajuza yule aliketi, akaletewa soda, akatazama televisheni inayosema Kiingereza. Sioni kwamba yule mke alikosea nia, alitaka kumheshimu. Lakini kwa mwanamke aliyelisha ukoo kwa miaka 60, kuambiwa apumzike ni karibu sawa na kuambiwa kwamba kazi yake imekwisha duniani.

Babu naye alikuwa na lake. Kwa Waluhya, firigisi ya kuku ni ya mwenye mji au mkubwa wa wanaume walioketi, wala haigombewi. Kuku wa siku hiyo walikuwa wamenunuliwa dukani, wamekatwakatwa tayari, bila firigisi hata moja. Nilimwona mzee akigeuza vipande kwenye bakuli, taratibu, kisha akaliweka bakuli chini. Watoto hawakujua alichokitafuta, na nani angewaeleza?

Tukumbuke jinsi boma lilivyopangwa. Jiko lilikuwa peke yake, nyumba ya wazee peke yake, vijana wa kiume na kibanda chao, na mti wenye kivuli mahali pa wageni. Chakula cha sikukuu kilisambaa uwanjani. Kila rika lilikula mahali pake na bado likasikia kicheko cha rika jingine. Isitoshe, katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya, mama mkwe na mume wa bintiye huheshimiana kwa kutengana: hawashikani mikono, hawali pamoja, wala mama halali chini ya paa la mkwewe. Boma liliweza kuyatimiza hayo bila kumfedhehesha mtu. Nyumba ya vyumba vitatu yenye sebule moja na msala mmoja haiwezi, isipokuwa mwenyeji ameyawaza mapema na kuomba chumba kwa jirani au kwa ndugu aliye karibu. Wengi huyawaza saa nne za usiku, mama wa watu akiwa ameshika mkoba wake mlangoni.

Basi anayekaribisha afanyeje? Kwanza awaachie wazee sehemu ya kazi. Chapati ndizo kipimo kizuri. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa chapati 20 hivi. Watu 23 wenye njaa ya Krismasi watahitaji pakiti tatu au nne, na mtungi wa gesi wa kilo 6 usiojaa huenda ukazimika katikati. Kwa nini asiwashe jiko la makaa uani, nyanya akapewa kigoda na mwiko, wajukuu wakakanda na kusukuma chini ya amri yake? Hapo atakuwa mwenyeji, na watoto watakuwa wanafunzi.

Pili ni lugha, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wanisikilize. Bibi husema Kiluhya, Kikamba au Ekegusii. Mjukuu wa Kitengela husema Kiingereza na Sheng. Kiswahili ndicho kinachobaki katikati, na mara nyingi kila upande unakijua nusu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na papo hapo ikaiagiza serikali kukuza lugha za kiasili. Serikali haiketi mezani siku ya Krismasi. Mzazi aliye katikati ndiye mkalimani, na akishughulika na simu yake, nyanya na mjukuu watatabasamiana mchana kutwa na kuagana hivyo hivyo.

Shule zikifunguliwa Januari, walimu wengi hutoa insha juu ya sikukuu, na kila mwaka husahihisha jogoo yule yule aliyewika na wali ule ule ulionukia. Napendekeza swali jingine mwaka huu. Mwanafunzi aandike nani alipika na nani alizuiwa kupika. Mzee alitafuta nini katika bakuli. Nyanya alilala wapi, na kwa nini pale. Na neno gani moja la lugha yake mwanafunzi alilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Asiye na neno hilo apewe ruhusa ya kupiga simu mashambani kabla ya kukabidhi daftari.