Programu ya kuandikia programu: Usilipe kabla kazi haijalipa

MZAZI aliyetoka kuuza mahindi anapoombwa na mwanawe fedha za kununua kifaa cha kuandikia programu za kompyuta, swali la kwanza huwa ni bei. Ni swali la haki, kwani mara nyingi fedha hizo ndizo za mbolea ya msimu ujao. Hata hivyo, bei peke yake haitoshi kuamua.

Anayetengeneza programu, tuseme ya kuhesabu bidhaa za dukani, huandika mistari ya maagizo kwa kompyuta iitwayo msimbo. Huiandika ndani ya programu nyingine, kihariri, inayomsaidia kuona makosa kabla kazi haijamfikia mteja.

Vihariri vya bure ni pamoja na Notepad++, iliyoanza mwaka 2003, na Visual Studio Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015. Upande wa kulipia ipo Sublime Text, ambayo leseni ya mtu binafsi ni dola 99 za Marekani, pamoja na maboresho ya miaka mitatu. Kampuni ya JetBrains hutoza kwa mwezi au mwaka, ingawa wanafunzi huweza kupewa bure kwa masharti.

Bure nayo ina gharama. Visual Studio Code huhitaji bando la kuipakua, na kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo huweza kuelemewa nayo. Notepad++ ni nyepesi, lakini imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Aidha, mtoaji anaweza kuacha: Atom, kilichokuwa kihariri cha bure, kilisitishwa Desemba 2022 na waliokizoea wakalazimika kuhamia kwingine.

Wala bure si lazima iwe hafifu. Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, alitoa kihariri cha Vim mwaka 1991. Hakukiuza, bali aliwaomba watumiaji wachangie watoto wenye shida wa Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo la wakulima. Vim inatumika hadi leo.

Mkulima aliyepanda kahawa hawezi kubadili zao msimu unaofuata bila hasara. Mwandishi wa programu hafungwi hivyo. Msimbo ni maandishi ya kawaida. Ulioandikwa katika kihariri cha bure hufunguka katika cha kulipia bila kubadilishwa hata herufi. Kuanza na cha bure hakumpotezei kitu.

Wakati wa kulipa hujulikana kwa hesabu. Kihariri cha dola 99 kikimwokolea kijana saa moja kwa wiki, na saa yake inalipwa dola 5, fedha hurudi katika wiki 20. Saa ikilipwa dola 1, ni karibu miaka miwili. Asiye na mteja harudishi chochote.

Nakala za wizi zinazouzwa mitaani ziepukwe. Zinaweza kubeba virusi na kuharibu hesabu zote za duka.

Kwa anayeanza, basi, achukue cha bure, na fedha kidogo iende kwenye bando na kuongeza kumbukumbu ya kompyuta. Inayobaki inunue mbolea. Leseni itanunuliwa na mteja wa kwanza atakayelipa.