Kwa Nini Mhasibu Wako Haonekani Mwezi Machi

Kati ya Januari na mwisho wa Machi, mhasibu wa sacco yoyote ya Kitengela ni mtu wa kutafutwa kwa tochi. Yupo kazini, lakini amejifungia kwenye chumba cha mikutano pamoja na vijana wawili watatu wa kampuni ya ukaguzi waliotoka Nairobi alfajiri kuukwepa msongamano wa Barabara ya Namanga. Mezani pana maboksi ya vocha, kompyuta nne, na chai iliyopoa. Wafanyakazi wenzake wakipita mlangoni hunong'ona kwamba "anakaguliwa", kana kwamba ameshikwa na kosa.

Hajashikwa na kosa lolote. Ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka ni jambo la kawaida kisheria, na mkaguzi si askari. Wanachama wengi hudhani mkaguzi huja kuandika hesabu, au huja kumsaka mwizi. Yote mawili si kweli. Hesabu ni za wakurugenzi na mhasibu wao ndiye anayeziandaa. Mkaguzi hutoa maoni yake tu kama zinaonyesha hali halisi ya shirika. Hapitii kila risiti. Huchagua sampuli, akaipima, na kutokana nayo akaamua kama anaweza kuviamini vitabu vingine. Kazi hiyo ikitandazwa mwaka mzima haimkondeshi mtu. Kinachowakondesha wahasibu na wakaguzi ni kwamba tumeikusanya yote tukaisukumia kwenye wiki 12.

Tazama kalenda yenyewe. Mwaka wa fedha wa kampuni nyingi za Kenya huishia 31 Desemba, na sacco hazina hiari, mwaka wao ni huo. Benki hupewa miezi 3 kuchapisha hesabu zilizokaguliwa. Sacco zinazopokea amana hupewa miezi 3 hiyo hiyo kuziwasilisha kwa SASRA, mdhibiti wa sacco, ambayo lazima izipitishe kabla hazijafika kwenye mkutano mkuu. Kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Nairobi zina miezi 4. Salio la kodi ya kampuni hulipwa KRA kabla ya mwisho wa mwezi wa 4, na ritani huingia kabla ya mwisho wa mwezi wa 6. Katikati ya hayo yote kazi za kila mwezi hazisimami: PAYE tarehe 9, VAT tarehe 20. Na wakaguzi wanaozunguka kwa wateja hawa wote ni wale wale. Kijana aliyekuwa Isinya kwenye shamba la maua Jumatatu ndiye atakayekuwa kwenye sacco ya walimu Alhamisi.

Nieleze kitu kimoja kwa karibu, maana hapo ndipo usiku unapoishia. Chukua duka la vifaa vya ujenzi, na Kitengela yamejaa tele kwa sababu mji wenyewe haujamaliza kujengwa. Lori la mchanga linafika saa 12 asubuhi. Dereva anataka pesa zake, shilingi 40,000, na anazitaka kwa M-Pesa kwenye simu yake mwenyewe, si ya mwenye mchanga. Analipwa, anapakua, anaondoka. Karani anaandika vocha ya nusu ukurasa: "mchanga, lori 1". Siku hiyo hakuna anayeona tatizo.

Tatizo linajitokeza Februari, vocha hiyo inapoangukia kwenye sampuli. Mkaguzi anauliza iko wapi ankara. Na si ankara yoyote: tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS hayakubaliki katika kukokotoa kodi, isipokuwa machache yaliyosamehewa. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Kwa hiyo lori lile moja, likikosa ankara, linaongeza kodi ya shilingi 12,000 juu ya bei ya mchanga. Malori 100 kwa mwaka ni shilingi 1,200,000, na duka huenda halikupata faida ya kiasi hicho. Sasa mhasibu anaanza kumpigia dereva wa Machi mwaka jana, ambaye namba yake haipatikani, ili ampate mwenye mchanga, ambaye hajajisajili eTIMS na hana haja ya kufanya hivyo kwa sababu pesa alishakula. Mkurugenzi naye anamuuliza mhasibu kwa nini kodi imepanda. Huo ndio mzigo ninaouzungumzia, na mchanga ni mfano mwepesi.

Kuhesabu mali ni mzigo mwingine. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinamtaka mkaguzi ahudhurie zoezi la kuhesabu bidhaa pale bidhaa zinapokuwa na uzito katika hesabu. Zoezi hilo hufanyika siku ya kufunga mwaka au jirani nayo, yaani 31 Desemba, Kenya nzima ikiwa ushago. Nondo na mabati yanahesabika. Lundo la kokoto hukadiriwa kwa kupimwa urefu na upana wake, na makadirio huzaa ubishi. Nenda sasa kwenye ranchi upande wa Kajiado ya Kati. Ng'ombe huhesabiwa kama mali hai chini ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu nambari 41: thamani yake ni bei ya soko siku ile, ukitoa gharama za kuuza. Bei ya soko ipo, ukienda Bissil siku ya mnada utaiona kwa macho. Lakini ng'ombe hawakai wakisubiri Desemba iishe, hufuata nyasi. Katika ukame wa 2022 mifugo ya Kajiado ilikufa kwa wingi na iliyobaki ikahamishwa mbali. Mhasibu wa ranchi alitakiwa athibitishe idadi ya wanyama ambao mchungaji mwenyewe hakuwa na hakika wangapi wangerudi.

Wakaguzi nao wana dhiki yao, ingawa mkaguliwa huwaona kama watu waliokuja kumtesa. Wengi wa wanaobeba maboksi ni vijana walio mafunzoni, wanaosomea CPA. KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, hufanya mitihani Aprili, Agosti na Desemba. Ile ya Aprili huangukia mgongoni mwa msimu wenyewe, kwa hiyo kijana hukagua mchana, huandika majalada ya kazi jioni, na hufungua vitabu vya mtihani saa 5 usiku. Ada ya ukaguzi huwa imeshakubaliwa tangu mwanzo, na mara nyingi bodi imeivuta chini mpaka imenyauka. Vocha zikichelewa wiki mbili, ada haiongezeki. Wiki hizo hutolewa kwenye usingizi wa kijana. Kwa maoni yangu, ada ya chini ndiyo chanzo kikubwa cha ukaguzi hafifu mashinani kuliko uchache wa wataalamu, na bodi zinazojisifu kwamba zimempata mkaguzi wa bei nafuu zinajisifia hasara.

Maana aliyechoka hukubali majibu mepesi. Mhasibu aliyechoka hutoa maelezo ya kumaliza mazungumzo, na mkaguzi aliyechoka huyaandika kama yalivyo. Maswali mazito huachwa hadi wiki ya mwisho, na wiki ya mwisho si wakati wa kuuliza maswali mazito. Mwishoni mwa Machi 2016 Benki ya Chase ilichapisha hesabu zake za 2015. Siku chache baadaye ikatoa nyingine zilizorekebishwa, mikopo ya watu wa ndani ya benki ikiwa imepanda mno, na 7 Aprili ikawekwa chini ya usimamizi wa KDIC, shirika la bima ya amana. Sisemi uchovu ndio ulioiangusha. Nasema swali la ukubwa ule halikufaa kuwa bado linajadiliwa wakati mchapishaji wa gazeti anasubiri tangazo.

Karibu zaidi na sisi ni KUSCCO, muungano wa sacco zenyewe, ambako uchunguzi wa PwC uliowekwa hadharani 2025 ulitaja upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3. Sacco zilizoweka pesa huko zililazimika kutenga fedha za kufidia hasara. Mhasibu wa sacco iliyoguswa alijikuta akieleza kwa wanachama kwa nini gawio limepungua, ilhali wao wanakumbuka kwamba mwaka uliotangulia hesabu zilipita bila neno.

Mjini Kajiado, kwenye ofisi za kaunti yetu, kalenda ni nyingine. Mwaka wa fedha wa serikali ya kaunti huishia 30 Juni, taarifa za fedha humfikia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ndani ya miezi 3, na Kifungu cha 229 cha Katiba kinampa Mkaguzi Mkuu, ambaye tangu 2020 ni Nancy Gathungu, miezi 6 tangu mwaka ulipofungwa kutoa ripoti. Kwa hiyo mhasibu wa kaunti hukesha Septemba wakati mwenzake wa sacco amelala. Ila sasa ameongezewa kazi. Baraza la Mawaziri liliamua 2024 kwamba serikali iache kuhesabu pesa zilizoingia na kutoka tu, ianze kuonyesha pia mali na madeni yote. Hiyo ni hatua nzuri, na imechelewa. Lakini ina maana kila zahanati, kila kisima na kila kipande cha ardhi ya umma lazima kiorodheshwe, kipewe thamani na kiwe na hati. Yeyote anayeijua ardhi ya Kajiado anaelewa kwamba neno "hati" linaweza kumla mhasibu miezi mitatu peke yake.

Je, msongamano huu hauna dawa? Upo mfano ndani ya kaunti hii hii. Tata Chemicals Magadi hufunga mwaka wake 31 Machi, ikifuata kampuni mama ya India, kwa hiyo wakaguzi wake hawagombaniwi na kila sacco ya Nairobi. Jirani na Kitengela, pale Athi River, kampuni ya saruji ya East African Portland hufunga 30 Juni. Kampuni ya kawaida inaweza kuomba kuhamisha tarehe yake, mradi ipate kibali cha Kamishna wa KRA kwanza. Kampuni ndogo, ambayo mauzo yake hayazidi shilingi milioni 50 na mali yake halisi haizidi milioni 20, imesamehewa ukaguzi na Sheria ya Kampuni ya 2015, ingawa benki ikitaka kukukopesha itaziuliza hesabu zilizokaguliwa vivyo hivyo.

Sacco haiwezi kuhama Desemba. Inachoweza ni kumwita mkaguzi Oktoba akague miezi 9 ya kwanza, ili Januari abakiwe na robo tu. Inaweza pia kumtaka mhasibu alinganishe daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwezi, kabla tofauti ya shilingi 300 ya Februari haijazikwa chini ya miezi 10 mingine. Kazi hiyo huchukua siku moja kwa mwezi. Ikiachwa, huchukua Januari yote.

Wanachama mtakaohudhuria mikutano mikuu mwaka huu, gawio mtauliza, na ni haki yenu. Ulizeni pia mkaguzi aliteuliwa lini, ada yake ilipunguzwa kwa nini, na akaunti za benki zililinganishwa mara ya mwisho mwezi gani. Nanyi wakurugenzi, msitangaze tarehe ya mkutano kabla mkaguzi hajasema amemaliza, na mhasibu apewe likizo yake Mei bila kuulizwa anaenda wapi.