Jeli Inayozionesha Seli Njia

Lenzi laini ya jicho ni haidrojeli, yaani mtandao wa polima ulioshiba maji bila kuyeyuka. Wanakemia wa Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, waliieleza mwaka 1960. Leo jeli za namna hiyo hutumika maabara kuwa kiunzi cha kukuzia tishu.

Hata hivyo, jeli ya polietileni glikoli haina mahali pa seli kujishikiza, na seli nyingi zisipopata pa kushika hufa. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionesha kuwa kipande kifupi cha protini ya fibronektini, kiitwacho RGD, chatosha kuwa kishikio. Kikifungwa kwenye jeli, seli huitambua.

Limebaki tatizo la damu. Seli iliyo mbali na kapilari kwa zaidi ya mikromita 200 hivi hukosa oksijeni. Ndiyo maana tishu nene hufa katikati. Jennifer West na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walitumia mwanga kuchora vishikio hivyo katika mistari. Kwenye mistari myembamba, seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu zilijipanga zikawa mirija midogo.

Kwa mwenye kidonda cha kisukari, hii bado si tiba. Jeli anayopakwa kliniki hutunza unyevu wa kidonda. Haioteshi mishipa iliyochorwa. Mhudumu amweleze hivyo waziwazi, na mgonjwa asiache kudhibiti sukari wala kusafishwa kidonda.