Paka, Watoto na Darasa la Bandia

Mtu akifumba macho na kutulia, seli za ubongo za upande wa kisogoni huanza kupiga kwa pamoja, mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Umeme wake ni hafifu mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti. Hata hivyo, mwaka 1924, huko Jena, Ujerumani, daktari wa magonjwa ya akili Hans Berger alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, na mawimbi hayo ya utulivu akayaita alfa. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago alimtaka mtu aliyefumba macho abahatishe, kila kengele ilipolia, kama alfa ipo au haipo, kisha akamwambia papo hapo kama amepatia. Wengi walijifunza kupatia. Baadaye wakaweza hata kuyaleta mawimbi yenyewe kwa hiari.

Huo ndio msingi wa mrejesho wa ubongo: mashine inamwonyesha mtu jambo linalotokea kichwani mwake ambalo hana njia nyingine ya kulijua.

Lakini ushahidi ulionivuta mimi zaidi ni wa paka. Barry Sterman, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliwafundisha paka kusubiri kabla ya kubonyeza kitufe cha chakula. Wakisubiri, mwili ulitulia tuli huku macho yakiwa kazini, na eneo la ubongo linalotawala viungo likatoa mawimbi ya mara 12 hadi 15 kwa sekunde. Akaanza kuyatuza mawimbi hayo kwa maziwa na mchuzi, nayo yakaongezeka. Baadaye, alipokuwa akichunguza sumu ya mafuta ya roketi inayoleta degedege, aliona kwamba baadhi ya paka walistahimili kuliko wenzao. Walikuwa wale waliokwisha kufunzwa. Paka hana matumaini juu ya matibabu, wala hajui mtafiti anatarajia nini. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kusema kwamba alipata nafuu kwa sababu aliamini atapata. Kutoka hapo Sterman akaingia kwa wagonjwa wa kifafa, na mwaka 1976 Joel Lubar, huko Tennessee, akaanza kuchapisha kazi yake kuhusu watoto wasiotulia darasani.

Mtoto anayefunzwa leo hubandikwa elektrodi utosini, kwa jeli, na kuketi mbele ya skrini. Ubongo ukitoa mawimbi yanayotakiwa, ndege ya kwenye mchezo inapaa. Yakipungua, inashuka. Mkufunzi mzuri huanza kwa kumwambia mtoto aume meno. Mistari yote kwenye kompyuta huruka ovyo, kwa sababu umeme wa misuli ya taya huufunika kabisa ule wa ubongo. Asiyejua hilo anaweza kumtuza mtoto kwa kukunja uso. Nywele nazo ni jambo zito. Elektrodi za kawaida hazikai vizuri kwenye nywele nzito za kipilipili, na kwa muda mrefu vipimo vya watu wenye nywele hizo vilitoka vibaya au wakaachwa nje ya tafiti. Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alibuni vibanio vinavyoshika elektrodi kati ya mistari ya nywele zilizosukwa, mtindo ambao wasusi wetu wanauita twende kilioni.

Skrini tulivu katika chumba tulivu, hata hivyo, si mahali mtoto anaposhindwa. Anashindwa darasani, kuna kelele na wenzake wanapita. Albert Rizzo, wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alitengeneza darasa la uhalisia pepe: mtoto anavaa miwani, anaona mwalimu na ubao, na anatakiwa kubonyeza kitufe herufi X inapofuata A, huku ndege ya karatasi ikikatiza na gari likipita nje ya dirisha. Darasa hilo lilikuwa la kupimia. Mwaka 2002 watafiti wa Korea Kusini waliunganisha uhalisia pepe na mrejesho wa ubongo ili kufunza umakini, na naona walielekea panapostahili.

Sasa lije jambo gumu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulichukua watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD, yaani tatizo la umakini na kutotulia. Baadhi walifunzwa kwa mawimbi yao wenyewe. Wengine, bila wao, wazazi wala walimu kujua, walionyeshwa mrejesho uliotokana na ubongo wa mtoto mwingine. Vilikuwa vipindi 38. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na hayakutofautiana.

Nafuu ile ilikuwa ya kweli. Mtoto alipata mtu mzima wa kumtia moyo, ratiba, na mazoezi ya kuketi na kutulia. Ila haikutokana na mawimbi. Miwani ya uhalisia pepe inaongeza ugumu huu, kwa sababu mtoto huifurahia, na furaha hiyo peke yake huweza kubadilisha majibu ya mzazi anapoulizwa maendeleo. Mzazi anayetakiwa kulipia vipindi 40 ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kutoa pesa. Je, njia hii imewahi kulinganishwa na mrejesho wa uongo? Na maendeleo ya mtoto yalipimwa na nani: na mwenye mashine, au na mwalimu asiyejua nani alifunzwa na nani hakufunzwa?