Kamera iliyokosa chakula

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo hunijia kila niitazamapo kamera ya plastiki iliyo mezani mwangu, ndefu na nyembamba, isiyozidi kiganja. Ni ya aina iliyozinduliwa na kampuni ya Kodak ya Marekani mwaka 1972 kwa jina la Pocket Instamatic, nayo hutumia filamu iitwayo 110.

Waama, ilikuwa ajabu ya zama zake. Filamu ilikaa ndani ya kijisanduku cha plastiki; mtu alikipachika, akafunga kifuniko, akapiga picha. Hakuhitaji kuivuta filamu ncha wala kuirudisha nyuma ilipokwisha. Asiye na ujuzi naye akawa mpigapicha.

Hata hivyo, wepesi huo ulikuwa na gharama. Kila picha kwenye filamu hiyo ina milimita 13 kwa 17, takriban robo ya eneo la picha ya filamu ya milimita 35, ambayo ni 24 kwa 36. Ikikuzwa sana, hutoka na chembechembe. Isitoshe, kamera yenyewe haikubali filamu ya umbo jingine. Wanunuzi walipopungua, viwanda viliacha kuitengeneza kimoja baada ya kingine, na kamera nyingi zilizokuwa nzima zikageuka vichezeo. Mwaka 2012 kampuni ya Lomography, yenye makao yake Vienna, ndiyo iliyoifufua.

Yamkini msomaji atasema kwamba kila cha kale hupitwa na wakati. La hasha! Filamu ya milimita 35 ni kongwe kuliko hiyo, na ingali inatengenezwa, kwa kuwa wapigapicha stadi na watengenezaji wa sinema hawakuitupa.

Nionavyo, hapa pana funzo kwa shule zetu. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuwapelekea wanafunzi wa darasa la kwanza vishikwambi, tumezoea kuhesabu vifaa vilivyofika. Mwalimu, uliza pia: betri ikifa, itapatikana wapi? Programu ikiachwa na mwenyewe, somo litaendeleaje? Fundi wa mjini anaweza kukifungua kifaa hicho? Nawe mwanafunzi, jifunze kuuliza hivyo kabla hujashangilia upya wa kitu.

Kabla ya kulipa, tusiulize bei peke yake. Tuulize kifaa kinakula nini, na chakula hicho ki mikononi mwa nani.